Mifuko Inayorudi Mitupu

Singapore

Jengo la Fullerton lilifunguliwa mwaka 1928 kwenye mdomo wa Mto Singapore, na kwa miongo mingi Posta Kuu ya mji ilikuwa humo. Leo ni hoteli. Palipokuwa na kaunta ndefu ya stempu na rejesta, wageni wanakunywa kahawa. Zamani mifuko ya barua ilishushwa chini ya jengo, ikapitishwa kwenye njia iliyochimbwa chini ya barabara hadi gatini, ikapakiwa mashuani na kupelekwa melini. Posta iliwekwa hapo kwa kuwa meli zilikuwa hapo.

Posta ya Zamani ya Dar es Salaam nayo iko Sokoine Drive, jirani na bandari. Miji hii miwili ya pwani ilianza mahali pamoja: barua zinakuja na meli, zinaondoka na meli. Ndiyo maana, kazi iliponileta huku mashariki ya mbali, nilikuja na swali ambalo limenikaa muda mrefu. Imekuwaje kisiwa unachoweza kukivuka kwa gari kwa muda wa saa moja kikawa njia ya vifurushi vya mabara mengine, na sisi wenye nchi pana, mazao na mafundi bado tunapokea vingi kuliko tunavyotuma?

Jibu la haraka ni uwanja wa ndege. Changi ni mkubwa na ndege zake zinakwenda kila upande. Ni kweli, lakini ndege haitafuti mzigo. Kuna mtu aliyeutafuta.

Posta ya Singapore ilifanywa kampuni mwaka 1992, na mwaka 2003 hisa zake zikaanza kuuzwa sokoni. Kisiwa kina watu wapatao milioni 6, na barua zao hazitoshi kulisha kampuni inayotaka kukua. Biashara ya maduka ya mtandaoni ya China ilipopanda, wauzaji wa Shenzhen na Guangzhou walikuwa na vifurushi vidogo, vingi vikiwa chini ya kilo 2, vya kwenda Ulaya, Urusi na Amerika. Posta ya Singapore ikavikaribisha. Vilipita Changi, vikapewa namba inayoishia na herufi SG, vikapanda ndege nyingine. Kava la simu halikutengenezwa Singapore, halikuuzwa Singapore, wala hakuna Msingapore aliyeligusa zaidi ya wafanyakazi wa kuchambua mizigo, lakini mnunuzi wa Madrid alipofuatilia kifurushi chake aliona kimetoka posta ya taifa la Singapore. Mwaka 2014 Alibaba, kampuni ya China ya biashara ya mtandaoni, walinunua asilimia 10.35 ya kampuni hiyo kwa dola za Singapore milioni 312.5. Watu hawatoi fedha hizo kwa ajili ya stempu.

Nilikwenda kuangalia upande wa pili wa kazi, mahali kifurushi kinapofika. Katika mtaa wa maghorofa ya serikali nilikofikia, masanduku ya barua ya chuma yamepangwa ukutani ghorofa ya chini, sanduku moja kwa kila nyumba. Mhudumu alikuja na pikipiki, akafungua mlango mmoja mpana unaofunua masanduku yote kwa mpigo, akaanza kutia barua bila kutazama majina. Alikuwa anasoma namba tu. Tangu mwaka 1995 msimbo wa posta wa Singapore una tarakimu 6, na kila jengo lina msimbo wake peke yake. Mwenye nyumba niliyefikia kwake, mama wa makamo, aliutaja wake kwa pumzi moja kama mtu anavyotaja namba yake ya simu. Ukiwa na tarakimu hizo 6 na namba ya mlango, huhitaji jina la mtaa.

Hapo niliandika kwenye daftari kwamba kukua kwa posta ya nje kuna miguu miwili: mmoja ni kutafuta mzigo wa kupeleka, mwingine ni kuwa na mahali pa kuufikisha unaopokea. Singapore walikuwa na wa pili zamani, ndipo wakaenda kuutafuta wa kwanza.

Lakini sikutaka kuondoka na sifa tupu. Mzigo uliowakuza ulikuwa wa watu wengine, na mzigo wa mwenzio huja na masharti ya mwenzio. Desemba 2024 bodi ya posta hiyo iliwaachisha kazi mtendaji mkuu, mkuu wa fedha na mkuu wa biashara ya kimataifa kwa jinsi walivyoshughulikia taarifa za mtu wa ndani aliyefichua maovu. Taarifa zenyewe zilihusu vifurushi vya biashara ya mtandaoni ya kimataifa: wafanyakazi walikuwa wakiingiza kwa mkono hali ya ufikishaji bila ushahidi, na ilivyoonekana shabaha ilikuwa kukwepa adhabu zilizo kwenye mkataba na mteja mkubwa. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 2023, stempu ya barua ya kawaida ndani ya kisiwa ilipanda kutoka senti 31 hadi 51. Posta inayoonekana tajiri kwa nje ilikuwa inashindwa kulipia mzunguko wa yule mhudumu wa pikipiki. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo zito kuliko yote niliyoyaona kisiwani: biashara ya kupitisha mizigo ya watu inajaza hesabu haraka, na inaweza kuondoka haraka vilevile kwa sababu haina mizizi nyumbani.

Nairobi

Nilipita tu, nikisubiri ndege. Posta Kuu ya Kenyatta Avenue ilikuwa na watu wengi waliokuja kwa shughuli za serikali na fedha kuliko waliokuja na barua. Nilichokifuata ni jambo moja. Kenya wamejaribu kuifanya namba ya simu ya mkononi kuwa sanduku la posta, kwa mpango wa Mpost: barua inapofika ofisini, mwenye namba anapata ujumbe. Kwa nchi ambazo nyumba nyingi hazikuwahi kupewa namba, naona ni akili ya kusifiwa, kwa kuwa simu tayari iko mfukoni mwa kila mtu. Kwetu Tanzania Posta Kiganjani imefuata njia hiyohiyo.

Lakini kuna jambo linalonisikitisha kila nikifika Nairobi: Mkutano Mkuu wa Umoja wa Posta Duniani wa mwaka 2008 ulipangwa kufanyika hapa. Ghasia zilizofuata uchaguzi zikauhamishia Geneva. Kanuni zilizopangwa mwaka ule zingepangwa tukiwa tunawatazama machoni wanaozipanga.

Dar es Salaam

Abiria wanaoshuka Posta Mpya ni maelfu kila siku. Wanaoingia ndani ya posta yenyewe ni wachache, na wengi wa hao wamefuata kupokea.

Kwenye dirisha la vifurushi vya nje nilisimama nyuma ya kijana mchoraji wa Tingatinga. Mkononi alikuwa na bomba la karatasi ngumu, lile linalobaki katikati jora la kitambaa likiisha, analolipata kwa wauza vitenge wa Kariakoo. Ndani alikuwa amekunja mchoro mmoja, mdomo wa bomba ameuziba kwa boksi lililokatwa duara na gundi ya karatasi. Mnunuzi alikuwa Ujerumani. Karani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliigeuza fomu ya forodha akaisoma.

"Umeandika zawadi. Zawadi ni nini, mwanangu? Hata ng'ombe ni zawadi."

"Ni mchoro, mama."

"Basi andika mchoro. Umechorwa kwa nini, juu ya nini?"

"Rangi ya mafuta, juu ya kitambaa."

"Andika hivyohivyo. Na thamani?"

Kijana alisita. Alitaka kuandika kiasi kidogo ili mnunuzi asitozwe kodi kubwa kule. Mama yule hakumgombeza. Alimwambia tu, "Ukiandika dola 2, siku mzigo ukipotea utadai dola 2." Kijana akaandika bei ya kweli.

Niliyaandika mazungumzo hayo neno kwa neno kwa sababu ndani yake kuna biashara nzima ya posta ya kimataifa, na wengi wetu tunaidhania iko kwenye ndege. Tangu Machi 2021 Umoja wa Ulaya unataka taarifa za bidhaa zitumwe kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo haujapakiwa ndegeni: ni kitu gani, uzito gani, thamani gani, kimetoka kwa nani, kinakwenda kwa nani. Marekani walitunga sheria yao ya aina hiyo mwaka 2018. Neno "zawadi" kwenye mitambo yao halina maana, na kifurushi kisicho na maana hukwama au hurudishwa. Kwa hiyo yule mama, kwa kalamu yake na subira yake, alikuwa anafanya kazi ya afisa wa forodha wa Frankfurt, siku kadhaa kabla, akiwa Dar es Salaam.

Baada ya fomu ikaja namba. Watu wengi huitazama tu kama mistari myeusi, kwa hiyo niieleze. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi na tarakimu 13. Chukua mfano RR123456785TZ. Herufi mbili za kwanza zinataja huduma: RR ni rejesta, zinazoanza na E ni EMS, yaani huduma ya haraka, zinazoanza na C ni vifurushi vikubwa. Mbili za mwisho ni nchi iliyopokea mzigo kutoka kwa mtumaji. Tarakimu 8 zinazofuata RR ni za mfululizo. Ile ya tisa, hapo 5, ni mlinzi. Zile 8 huzidishwa moja baada ya nyingine kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kisha hujumlishwa. Kwa mfano wetu jumla ni 204. Gawanya kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5. Karani wa Manila au Lima akikosea tarakimu moja, karibu kila mara hesabu inagoma na mashine inamwambia. Kanuni hiyo ni moja duniani kote, na kijana wa Tingatinga anapata ulinzi uleule anaoupata muuzaji wa Shenzhen. Hapo sisi hatuna upungufu wowote.

Upungufu niliuona nyuma, kwenye chumba cha kuchambulia nilikoruhusiwa kuchungulia. Kulikuwa na mifuko ya posta imekunjwa na kufungwa mafungu mafungu, kila fungu la nchi yake, maandishi ya Kijerumani, Kifaransa, Kichina. Kwa kanuni za kimataifa mfuko ni mali ya posta iliyoutuma, na ukishamiminwa yaliyomo hurudishwa kwao. Ingekuwa biashara inakwenda sawa pande zote, mifuko yetu nayo ingekuwa imekunjwa hivyohivyo Ujerumani na Ufaransa ikisubiri kurudi nyumbani. Mfanyakazi aliyenitembeza alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua, "Inakuja imejaa, inarudi mitupu."

Sioni sababu ya hali hiyo kuzoeleka. Tanzania ina karafuu ya Pemba, kahawa ya Kigoma, Mbinga na Kilimanjaro, vikapu vya Iringa, michoro, batiki, shanga za Kimasai. Vyote hivi ni vyepesi, haviozi upesi, na vina wateja waliotapakaa, wakiwamo Watanzania na Wakenya wa Muscat, London, Toronto na Minneapolis ambao hawahitaji kushawishiwa. Wanachohitaji ni kitu kifike. Hivi sasa vingi vinasafiri kwenye begi la mtu anayesafiri, "nikuwekee kilo mbili tu, shangazi atakupokea uwanjani". Huo ni usafirishaji wa bidhaa nje ya nchi, ila hakuna ofisi inayouhesabu.

Na mguu wa pili, ule wa mahali pa kufikisha, nao unachechemea. Mwaka 2022 serikali ilifanya Operesheni ya Anwani za Makazi, vibao vya mitaa vikasimama na nyumba zikapewa namba, kazi kubwa ambayo nchi nyingi hazijaithubutu. Misimbo ya posta yenye tarakimu 5 ipo, ikifika hadi kata. Lakini nilipowauliza watu wa kwenye foleni msimbo wa kata yao, hakuna aliyeujua. Tulilelewa na S.L.P., na sanduku lilikuwa la kazini au la shule. Anwani isiyosemwa na mwenye nyumba inabaki kibao tu.

Bern

Makao makuu ya Umoja wa Posta Duniani yapo hapa, mtaa unaoitwa Weltpoststrasse. Nilianzia bustani ya Kleine Schanze, penye sanamu iliyozinduliwa mwaka 1909 kazi ya Mfaransa René de Saint-Marceaux: wanawake watano wanaizunguka dunia wakipokezana barua, kila mmoja akiwakilisha bara lake. Mwanamke wa Afrika yumo kwenye duara, mkono wake umenyooshwa kama wa wenzake. Tarehe 9 Oktoba 1874 nchi 22 zilitia saini mkataba katika mji huu, Misri ikiwa miongoni mwao, na ndiyo maana Siku ya Posta Duniani ni tarehe hiyo. Leo wanachama ni 192.

Kabla ya mkataba, barua ililipiwa vipande vipande, kila nchi iliyopitia ikidai chake. Baada yake dunia ikawa eneo moja la posta: unalipa mara moja ulipo, na kila posta inabaki na fedha za stempu zake. Waliamini kwamba kila barua huzaa jibu, kwa hiyo mizani itakaa sawa yenyewe. Kwa barua za mapenzi na za biashara ilikuwa sawa. Kwa vifurushi, nani hujibu kava la simu kwa kava la simu?

Hapo ndipo penye fundo la biashara hii yote, na nawaomba wasomaji wanivumilie. Mkutano wa Tokyo wa mwaka 1969 ulikubali kwamba posta inayotuma zaidi iilipe posta inayopokea zaidi kwa kazi ya kufikisha. Viwango vikapangwa kwa kuzigawa nchi kwa makundi, na zilizohesabiwa kuwa zinaendelea zikalipa kidogo. Lilikuwa jambo la haki, lililowekwa kwa kutufikiria sisi. Lakini China nayo ilikuwa kwenye kundi la malipo nafuu wakati biashara ya mtandaoni ilipolipuka, na ikafika mahali kifurushi kidogo kutoka Shenzhen kilifika nyumbani kwa Mmarekani kwa gharama ndogo kuliko kile kilichotoka mji wa jirani yake. Oktoba 2018 Marekani ikatangaza kujitoa kwenye Umoja. Septemba 2019 mkutano wa dharura wa Geneva uliiruhusu ijipangie viwango vyake kuanzia Julai 2020, na nchi nyingine zikapewa njia ya kufuata polepole. Umoja ukabaki mzima.

Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya maskini ilitumika vizuri zaidi na yule aliyekuwa na mzigo wa kutuma. Sisi tulikuwa nayo miaka hiyo yote. Dirisha la kutuma nafuu lilikuwa wazi kwa Dar es Salaam, Kigali na Kampala kama lilivyokuwa wazi kwa Shenzhen, na tulikaa tukipokea. Nikiwa nimesimama mbele ya sanamu ile jambo hili liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Sasa dirisha linazidi kuwa jembamba. Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa bidhaa zisizozidi euro 22. Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wake wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, na kwa hesabu za Umoja wa Posta, siku hiyo posta iliyoingia Marekani ilishuka kwa asilimia 81 ikilinganishwa na wiki iliyotangulia. Posta 88 zilisimamisha huduma zote au sehemu ya huduma kwenda huko, kwa sababu hapakuwa na utaratibu uliokamilika wa nani akusanye ushuru na ampe nani. Msanii wa Mwenge na mfumaji wa Iringa waliingizwa kwenye ugomvi wa watu wawili wakubwa, bila hata kuitwa.

Bonn

Jengo la posta ya Ujerumani limesimama kando ya Mto Rhine, kioo kitupu, urefu wa mita 162.5. Wajerumani walichukua njia ya fedha. Deutsche Post ikawa kampuni ya hisa mwaka 1995, ikaingia sokoni mwaka 2000, na kufikia mwisho wa 2002 ilikuwa imeinunua DHL yote. Mwaka 2023 kundi zima likachukua jina la DHL. Mtoto aliyenunuliwa amempa mzazi jina lake.

Sisi hatuwezi kununua shirika la ndege za mizigo, kwa hiyo sikukaa sana hapo. Nilichukua jambo moja tu. DHL ilianzishwa mwaka 1969 na watu watatu wa San Francisco ambao hawakubeba mzigo wowote. Walibeba hati za shehena kwa ndege hadi Honolulu ili forodha ianze kuzishughulikia meli ikiwa bado baharini. Karatasi ilitangulia, mzigo ukafuata, meli ikifika gatini haisubiri. Ni kitu kilekile Ulaya na Marekani wanachokidai leo kwa posta zote kwa njia ya kompyuta, na ni kitu kilekile alichokifanya mama wa miwani kwa kijana wa Tingatinga.

Na yeyote anayefikiri posta inaweza kubaki ilivyo, atazame kaskazini kidogo ya hapa. Posta ya taifa ya Denmark, yenye historia inayoanzia mwaka 1624, iliacha kabisa kusambaza barua mwisho wa mwaka 2025. Barua za nchi ile zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 2000. Vifurushi ndivyo vilivyobaki.

Arusha

Makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, ulioundwa mwaka 1980, yako kwetu. Jengo lake jipya, mnara unaoonekana mbali, lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023, likiwa mali ya Umoja huo pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Bara zima linakuja kukutana umbali mfupi kutoka soko la wachuuzi wa shanga na vinyago, na watalii wanapita hapo wakisema "ningenunua, ila begi langu limejaa".

Sentensi hiyo niliisikia sokoni kwa Kiingereza cha lafudhi tofauti, na kila ilipotamkwa biashara ilikufa papo hapo. Mama muuza shanga hana jibu la kumpa mteja. Hajui bei ya kutuma kilo moja kwenda Australia, hajui fomu gani inahitajika, na akijua atalazimika kufunga kibanda aende kupanga foleni. Hapo ndipo posta ingepaswa kuwa.

Brazil walilitatua hili karibu na mwaka 2000. Posta yao ilianzisha mpango wa Exporta Fácil, kwa ajili ya wazalishaji wadogo. Mzalishaji anakwenda posta yoyote, hata ya mji mdogo, anajaza fomu moja, na posta yenyewe inapeleka tamko la forodha kwa niaba yake. Hatafuti wakala, hasafiri kwenda bandarini. Peru wakafuata mwaka 2007, na nchi nyingine za Amerika ya Kusini zikafuata. Hawakununua ndege wala kujenga mnara. Walikaa meza moja watu wa posta na watu wa forodha, wakakubaliana juu ya karatasi moja.

Baada ya kuviona hivi vyote, msimamo wangu ni huu. Tusiige Singapore ya kupitisha kava za simu za watu, na Bonn hatuiwezi. Tuige Brazil. Shirika la Posta lina ofisi hadi wilayani, mahali ambapo kampuni za haraka za kimataifa hazitafungua duka hata siku moja kwa kuwa hapana faida ya kutosha. Lina makarani wanaojua kazi. Kinachokosekana ni makubaliano na Mamlaka ya Mapato ili fomu moja iliyojazwa Iringa, Pangani au Wete itoshe kuutoa mzigo mdogo nje ya nchi, pamoja na bei ya kila nchi kubandikwa ukutani ionekane kabla mtu hajafika dirishani. Wizara inayosimamia posta iweke pia vifungashio vya ukubwa maalumu kaunta, viuzwe kwa bei ya chini, ili mchoraji asitegemee mabaki ya jora la kitambaa.

Na kwako msomaji unayefuma, unayechora, unayekaanga kahawa au kukausha viungo: usisubiri. Nenda posta iliyo karibu nawe wiki hii na kitu kimoja, kipime, ulizia bei ya rejesta na ya EMS kwenda nchi anayoishi mteja wako, uiandike na kuibandika kibandani kwako. Taja bidhaa kwa jina lake kamili kwenye fomu, andika thamani ya kweli, tunza risiti yenye namba ya tarakimu na herufi 13. Na ujue msimbo wa posta wa kata yako. Mteja akikwambia begi limejaa, mwambie utamtumia, na umtajie bei.